Nani Anajua Zamu ya Mfereji?

Katika mazungumzo yaliyopita tulisema juu ya mipaka ya mashamba. Baadaye likaja swali: mpaka wa shamba tunaweza kuuonyesha, kuna mti, kuna jiwe, kuna kaburi la babu, lakini maji je? Maji hayana jiwe.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyekimbia vita akirudi, analikuta shamba mahali pake hata kama limeota magugu. Lakini haki yake ya maji haionekani kwa macho. Ilikuwa katika desturi: siku fulani, saa fulani, maji yaligeuzwa upande wake. Akikuta mwingine ameyachukua, ataonyesha nini? Leo nitalijibu swali hili kwa njia ya historia, na nitaanza na maneno yenyewe ya kazi ya kumwagilia, kwa sababu haki imejificha humo.

Kila kazi ina maneno yake. Mvuvi wa Tanganyika ana yake, fundi wa matofali ana yake. Maneno ya umwagiliaji tumezoea kuwaachia maagronomi na mainjinia, kana kwamba ni ya ufundi tu. Mimi nilisomea sheria, si kilimo, lakini karibu kila neno la mfereji naliona kuwa ni neno la sheria. Tuchukue machache. Mahali mto unapozuiwa kidogo kwa mawe, magogo au simenti ili maji yaingie mferejini, wenzetu wa Tanzania wanapaita banio. Hilo ni neno la ufundi, sawa. Lakini uliza: nani ana ruhusa ya kugusa banio? Papo hapo umeingia katika sheria. Mfereji mkuu unagawanyika kuwa mifereji midogo, na kwenye kila mgawanyiko pana lango, la ubao au la chuma, au ni tope na majani ya mgomba tu. Nani anafungua lango, nani anafunga, nani akikuta limefunguliwa usiku anamwita nani? Kuna zamu, yaani siku na saa za kila mmoja. Kuna fungu, yaani sehemu ya kila mmoja, na zamu na fungu si kitu kimoja, tutaona. Kuna mlinzi wa maji. Kuna kazi ya kutoa mchanga na majani, ambayo sisi tutaiita salongo bila kuuliza mtu. Tena kuna njia ya maji: mfereji wangu hauwezi kufika kwangu bila kupita kwako, nawe huna faida nao. Wanasheria wa Roma ya kale walikuwa na jina kamili kwa haki hiyo ya kupitisha maji katika shamba la mwenzako, na mpaka leo sheria zilizotokana na zile za Wabelgiji zinaijua.

Waroma hao walituachia na neno jingine. Wale mliosoma Kifaransa mnajua rival, mshindani, mtu anayetaka kile unachokitaka wewe. Asili yake ni rivus, kijito au mfereji. Mwanasheria Ulpianus, wa karne ya 3, alieleza kwamba rivales ni wale wanaovuta maji kupitia mfereji mmoja. Ndiyo kusema, kabla neno halijawa la uadui lilikuwa la ujirani.

Sasa nawaomba twende mbali kidogo, Hispania, katika mji wa Valencia kando ya mto Turia. Nawapeleka huko kwa sababu mbili. Ya kwanza, mifereji ya Valencia ilipita katika vita, ushindi na uhamisho wa watu, na tunajua vizuri yaliyotokea kwa maji. Ya pili, maneno yao ya maji ni ndugu wa maneno yetu, na mtaona jinsi gani.

Kwa muda wa karne tano Valencia ilitawaliwa na Waislamu. Wao ndio waliopanua mifereji ya kumwagilia uwanda ule hadi ukawa bustani. Tarehe 9 Oktoba 1238, mfalme Mkristo Jaume wa Kwanza, ambaye Wafaransa wanamwita Jacques, aliingia mjini. Waislamu wengi wa mjini walitoka wakiacha nyumba zao, na nyumba pamoja na mashamba vikagawiwa walioshinda. Hilo ni jambo ambalo hapa kwetu hatuhitaji kuelezwa.

Lakini kwa upande wa maji mfalme alifanya jambo jingine. Mwaka 1239 aliwapa wakaaji wa mji mifereji yote, isipokuwa mmoja mkubwa wa Moncada aliouweka kwanza kuwa wake, kwa sharti kwamba maji yatumiwe jinsi yalivyotumiwa zamani, wakati wa Waislamu. Tufikirie sharti hilo. Aliyeshinda vita anasema: desturi ya niliyemshinda ndiyo sheria. Si kwa upole. Alikuwa anajua kwamba akiibadilisha zamu kwa siku moja, mashamba aliyowagawia askari wake yatakauka kwa mwezi mmoja. Basi ikawabidi wapya wajifunze zamani ilikuwa vipi. Wazee Waislamu waliobaki vijijini waliitwa mbele ya wakubwa wa mfalme kutoa ushahidi: mfereji huu ulipita wapi, kijiji hiki kilipata maji siku zipi, nani alisafisha sehemu ipi.

Kwa hiyo Wakristo walichukua pamoja na maji maneno ya maji. Mpaka leo Mhispania akitaja mfereji anasema acequia, na hilo ni neno la Kiarabu. Ukuta wa kuzuia mto anauita azud, Kiarabu tena. Bwawa la kuhifadhia maji ni alberca, kutoka birka ya Kiarabu. Nasi, je, hatuna birika? Katika Kiswahili cha zamani cha pwani birika halikuwa chombo cha chai tu. Lilikuwa pia tangi la mawe la kuwekea maji, kama lile la msikitini.

Kuna moja linalonifurahisha zaidi. Zamu ya maji, au mashamba yanayofuatana kwa zamu kwenye mfereji mmoja, huitwa dula. Linatoka katika neno la Kiarabu dawla, ambalo maana yake ya kwanza ni zamu: leo kwako, kesho kwa mwingine. Waarabu walilitumia pia kwa utawala, maana utawala nao huzunguka, ukoo huu unaondoka na ule unaingia. Kwa njia hiyo ya pili lilifika kwenye Kiswahili likawa dola. Sisemi dola ya Amerika iliyo mfukoni mwa wachache wetu. Nasema dola ile ambayo hapa Kongo tunaiita Leta. Hispania neno hilo liligawa maji, kwetu likagawa vyeo. Wakubwa wanaonisikiliza wataniwia radhi.

Sasa tutazame fungu. Maji ya Turia hayakupimwa kwa lita. Mto mzima ulihesabiwa kuwa mafungu 138, kila fungu likiitwa fila. Mfereji wa Moncada ulikuwa na 48. Mifereji ya Quart, Mestalla, Favara, Rascanya na Rovella ilikuwa na 14 kila mmoja. Tormos na Mislata 10 kila mmoja. Mto ukijaa, fila moja ni maji mengi. Mto ukipungua, fila moja ni maji kidogo. Lakini mwenye 14 daima anajua kwamba jirani yake mwenye 10 anapata pungufu kuliko yeye, na kwamba wote wawili wamepungukiwa kwa kipimo kilekile. Hapo ndipo hekima ya neno ilipo. Ukimwahidi mtu lita, wakati wa kiangazi utakuwa mwongo. Ukimwahidi fungu, unaweza kusema kweli mwaka mzima.

Ndani ya mfereji, baada ya mafungu, ndipo inapoingia zamu. Maji yanashuka shamba kwa shamba, kwa mpango unaojulikana. Ikifika zamu yako, unachukua yanayokutosha bila kuyamwaga ovyo. Usipokuwepo, zamu imekupita; unangoja mzunguko mwingine. Tena walikuwa na majina matatu kwa hali ya mto: wakati wa maji tele, wakati wa maji pungufu, na wakati wa ukame mkubwa. Kila jina lilikuwa na kanuni yake. Wakati wa maji tele watu hawafuatani kwa ukali. Wakati wa ukame mkubwa viongozi wa mfereji wanaweza kuigeuza zamu ili kuokoa mazao yanayokaribia kufa, na vijiji vya juu vinapaswa kuwaachia maji watu wa chini kwa siku zilizowekwa. Juu ya jambo hilo la juu na chini mfalme Jaume wa Pili alitoa amri mwaka 1321. Kwetu ugomvi huanza hapa hasa: mmoja anafuata kanuni ya wakati wa maji tele, na mwenzake ameshaingia katika kanuni ya ukame, na hakuna aliyetangaza kwamba msimu umebadilika jina.

Ugomvi haukukosekana Valencia pia, kwa hiyo walikuwa na baraza. Bado liko. Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, wanakaa wawakilishi wa mifereji, wakulima wenyewe, wamevaa kanzu nyeusi. Mapokeo yanasema baraza hilo lilianza mwaka 960, enzi za Waislamu. Kanisa lenyewe limesimama mahali palipokuwa msikiti mkuu, na wengine husema wanakaa nje ili hata asiye Mkristo aweze kufika. Mtumishi wao anaita mfereji mmoja mmoja kwa jina, akiuliza kama kuna walioshitakiwa. Hakuna mawakili. Hakuna karatasi. Mlinzi anasema aliyoyaona, mshitakiwa anajitetea kwa mdomo wake, hukumu inatolewa palepale, na haina rufaa. Nilipenda hasa jambo hili: mwakilishi wa mfereji wa mshitakiwa hapigi kura. Mshitakiwa akitoka kwenye mifereji ya kuume ya mto, wanaoamua ni wale wa kushoto. Akitoka kushoto, wanaamua wa kuume. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliandika baraza hilo kati ya urithi wa mataifa yote. Mimi mwanasheria nakiri kwamba kesi za maji za kwetu zingekaa hivyo, bila ofisi na bila karatasi za kulipia, nyingi zingekwisha kabla mpunga haujanyauka.

Lakini nisiwadanganye kwa kuisifu Valencia kupita kiasi. Yule mzee Mwislamu aliyeitwa kueleza zamu ya zamani alikuwa shahidi tu. Maneno yake yalichukuliwa kuwa sheria, shamba lake likabaki na mwingine. Amani ya maji ilikuwepo, haki ya mtu haikutimia. Na mwisho wa mambo ulikuja mwaka 1609.

Wakati huo wazao wa Waislamu wale, waliobatizwa kwa nguvu na kuitwa Morisko, walikuwa bado wengi katika ufalme wa Valencia, karibu theluthi moja ya watu wote. Wengi walikaa mbali na mji, katika mabonde ya ndani na upande wa Gandia, penye miwa na mitambo ya sukari. Tarehe 22 Septemba 1609 ikatangazwa amri ya mfalme Filipo wa Tatu: wote wafukuzwe, wapelekwe Afrika ya Kaskazini kwa merikebu, na kila mmoja abebe alichoweza kubeba mgongoni. Zaidi ya watu laki moja waliondolewa katika ufalme huo peke yake. Sasa sikilizeni kipengele kimoja cha amri hiyohiyo. Iliruhusu jamaa sita kwa kila mia wabaki. Kwa nini? Ili watunze nyumba, mitambo ya sukari, mavuno ya mpunga na mifereji ya maji, na wawafundishe wakaaji wapya watakaokuja.

Sita kwa mia, kwa ajili ya sukari, mpunga na mifereji! Waliotoa amri walijua vizuri wanafukuza nini. Walijua kwamba mfereji hauna maana bila mtu anayejua lango lipi hufunguliwa kwanza. Na wengi wa wale walioruhusiwa kubaki hawakukubali kutengwa na ndugu zao. Waliondoka pamoja nao. Vijiji vingi vya bara vilibaki vitupu kwa muda mrefu. Mwenye shamba alikuwa na barua yake ya kumiliki, yenye muhuri, lakini hakuwa na mtu wa kumwonyesha maji yanaingilia wapi.

Ninyi mliokimbia kutoka uwanda wa Ruzizi, mnaijua sukari hiyo na mpunga huo. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama kwa vita vya 1996. Katika uwanda ule mvua ni chache kuliko milimani. Ulimaji wa mpunga unategemea mito inayoshuka kutoka milima ya magharibi, na mifereji inayoyakamata maji yake. Wakati watu wanakimbia, mchanga unajaza mifereji, banio linavunjika, ng'ombe wanavuka popote. Wakirudi wengine, au wakija wapya, wanachimba upya kwa kukisia. Mkulima anasema mfereji ulipita hapa, mfugaji anasema hapa palikuwa kivuko cha ng'ombe kwenda kunywa. Wote wawili huenda wanasema kweli, maana palikuwa na saa ya maji ya mpunga na saa ya kunywesha, na aliyekuwa akijua saa hizo yuko kambini au amekufa.

Niseme pia neno moja la hatari, kabla sijasahau. Hispania wana neno rambla, kutoka Kiarabu cha mchanga: ni mkondo wa mto ambao siku nyingi ni mkavu. Jina lenyewe linaonya: usione mchanga ukadhani ni uwanja, maji yana zamu yake hapa hata kama hujaiona. Watu wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika kingo zake, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Viongozi wanaotafuta mahali pa kuweka hema za waliokimbia, waulizeni wazee mkondo wa zamani ulipita wapi. Mahali palipo patupu pembeni mwa mto mara nyingi pana sababu ya kuwa patupu.

Turudi kwenye fungu na zamu, kwa mifano ya karibu zaidi. Oman, nchi ambayo watu wake wengi wanasema Kiswahili kwa sababu ya safari za Zanzibar na bara, wana mifereji wanayoiita falaj, na neno hilo asili yake ni kugawa. Maelfu kadhaa bado inafanya kazi. Kila falaj ina wakili, ambaye ni msimamizi, na arifu anayegawa maji. Kipimo chao ni athari, kama nusu saa hivi ya maji. Mchana waliihesabu kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Nawataja kwa ajili ya jambo moja la busara: baadhi ya mafungu ni ya falaj yenyewe. Yananadiwa, mtu ananunua saa hizo, na fedha inatengeneza mfereji. Yaani mfereji nao umehesabiwa kama mtu mwenye fungu. Kwetu, mfereji ukibomoka tunangoja shirika lije na magari.

Kilimanjaro nako, Wachaga walikuwa na mfongo, mfereji wa kushusha maji mlimani. Msafiri Charles New aliiona mifereji hiyo mwaka 1871, na ilikuwa ya zamani tayari. Ukoo wa aliyechimba uliheshimiwa, wazee wa mfongo waligawa zamu, na asiyekuja kwenye kazi ya kusafisha alitozwa au alinyimwa maji. Kisha ikaja lugha nyingine. Sheria ya Tanzania ya 1974 iliyaweka maji yote chini ya serikali, na haki ya maji ikawa karatasi yenye kiasi cha maji na ada ya kulipwa. Ofisi ya bonde la mto Pangani ilipoanza kazi mwaka 1991 na kudai ada, wakulima wengi walikataa: maji yametoka kwa Mungu, mfereji tumechimba wenyewe, tunalipa nini? Simlaumu mwenye ofisi. Mto ulikuwa na watu wengi kuliko zamani, na mitambo ya umeme chini yake. Lakini pande mbili zilitumia neno haki, moja ikisema kiasi na nyingine ikisema zamu. Sheria mpya ya 2009 imewapa nafasi watumia maji kujiunga katika vyama vyao. Nasema pia wazi kwamba katika desturi ile wanawake hawakuhesabiwa kati ya wenye mfereji, kwa sababu hawakuhesabiwa kati ya waliochimba. Vita vyetu vimeacha wajane wengi ambao ndio wanaolima. Ikiwa zamu iliandikwa kwa jina la mume aliyekufa, mjane asiambiwe kwamba zamu imekufa naye.

Kwetu Kongo lugha ya Leta juu ya maji si mpya. Kulikuwa na dekreti ya Wabelgiji ya tarehe 6 Mei 1952, na sasa iko sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Sheria hii inaweka maji chini ya mamlaka ya Leta, si mali ya mtu. Viongozi wengine wakisikia hivyo wanafikiri: maji ni ya Leta, mimi ni Leta, basi maji ni yangu kuyagawa. Hapana. Kwamba mto si mali ya mtu hakufuti swali la nani anafungua lango siku ya Jumanne. Hata mataifa yameweza kuliona hilo. Kwenye mto Ruzizi, ambao unashuka kutoka Ziwa Kivu lililo juu kwa mita 1,460 hadi Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi, nchi tatu, yaani Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule, zilifanya mkataba mwaka 1983 na kuunda kampuni ya SINELAC kwa baraji ya pili, kwa sehemu sawa. Mnajua yaliyozipata nchi hizo baadaye. Mkataba ule wa maji haukufutwa, kwa sababu fungu la kila mmoja lilikuwa limeandikwa kabla ya ugomvi.

Sasa nije kwenye jibu la swali. Mtu aliyekimbia ataonyesha nini? Ataonyesha maneno. Yeye ndiye yule mzee wa Valencia, ndiye wa sita kwa mia, lakini safari hii asiitwe kuwa shahidi wa haki ya mwingine. Aitwe kuwa shahidi wa haki yake. Huko mliko, kaeni pamoja watu wa mfereji mmoja, hata kama ni wa makabila tofauti, hata kama mliachana vibaya. Msianze na nani alichoma nini. Hilo lina siku yake. Anzeni juu kabisa: banio lilikuwa wapi, lilijengwa na nani, lilibomolewa na mvua za mwaka gani. Shukeni lango kwa lango mkitaja majina ya waliokuwa wakipata maji, kuume na kushoto. Semeni zamu ya kiangazi na zamu ya mvua, maana hazikuwa sawa. Semeni ng'ombe walikunywa wapi na saa ngapi, na wafugaji wawepo wakati mnasema. Semeni mlinzi alilipwa nini, debe la mpunga au siku za kulimiwa. Mkibishana juu ya lango moja, andikeni maneno ya pande zote mbili, msilazimishe. Vijana waandike, wazee waseme, na wanawake waulizwe kwa sababu wao ndio waliokuwa wakisimama shambani usiku kungoja maji.

Nanyi wakubwa wa vijiji, msigawe upya maji ya mfereji wowote kabla ya kutuma mtu kuwauliza walioko mbali. Mkilazimika kugawa kwa sababu watu waliopo lazima wale, semeni wazi mbele ya wote kwamba ni zamu ya muda, na taja mwisho wake: hadi mavuno haya, au hadi wenyewe warudi. Aliyeingia kwa neno la muda hawezi kudai kesho kwamba alipewa milele. Na kesi ikitokea, fanyeni kama wale wa mto Turia: wanaoamua wasiwe wa mfereji uleule.

Karatasi hiyo mkimaliza iandikeni mara tatu. Moja iwekwe kwa mwami au kwa shefu wa grupema, moja kwa mlinzi wa mfereji, na ya tatu ibaki kambini, kwa mtu ambaye watu wa pande zote wanamwamini kutunza vitu.